Ng'ombe hajui kwamba gari la maziwa halikuja: yanayompata mchungaji ibada inapozuiwa

Juni 2025, siku chache baada ya Msajili wa Jumuiya kufuta usajili wa Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima, nilipanda Coaster Mbeya kwenda Tukuyu. Mabishano yalianzia Uyole. Mmoja aliongelea siasa, mwingine sheria. Tulipokaribia Isongole, ukungu umeshashuka barabarani, mama mmoja aliyempakata mtoto akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: na wachungaji wa matawi yote ya kanisa hilo, sasa hivi wanaishije? Kijana aliyekaa karibu na konda akamjibu kwamba hao wamepata likizo. Ibada hakuna, kazi hakuna. Wengi waliafiki. Mimi nilinyamaza mpaka nikashuka, na ukimya ule umenisumbua tangu siku hiyo, kwa sababu ni mtoto wa mwinjilisti na nilijua jibu lile si la kweli.

Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia yule mama ndani ya gari.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo tunapopotezana. Ibada ya hadhara ni ile ambayo mlango uko wazi kwa yeyote: Jumapili, ubatizo, kipaimara, ndoa, maziko. Kuzuiwa kwake kuna sura nyingi. Kuna kufungwa kabisa, kama Kenya ilivyofanya Machi 2020 kwa ajili ya korona. Kuna kuwekewa mipaka: Kenya hiyohiyo ilipoanza kufungua Julai 2020 iliruhusu watu wasiozidi 100 na ibada isiyozidi saa moja, na waliozidi miaka 58 wakatakiwa wasihudhurie, jambo lililowaacha mapadri na wachungaji wa umri huo na swali zito. Kuna kufungwa kwa makanisa kwa sababu ya vibali na viwango. Mwaka 2018 Rwanda ilifunga zaidi ya makanisa 700 jijini Kigali pekee, kwa hoja za usalama wa majengo, usafi na kelele. Na kuna kanisa kujizuia lenyewe.

Hapa Tanzania, wakati wa korona, Serikali haikufunga nyumba za ibada. Rais John Magufuli alisema hivyo akiwa kanisani Dodoma 22 Machi 2020, na tarehe 17 hadi 19 Aprili zikawa siku tatu za maombi ya kitaifa. Hata hivyo Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara alisimamisha misa za hadhara jimboni kwake kwa uamuzi wake. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini makanisa mengi yalibaki wazi, lakini ibada zilifupishwa, ndoo za maji na sabuni zikawekwa mlangoni, kwaya zikapunguzwa, na kushikana mikono kukakoma. Hilo nalo ni zuio, hata kama hakuna kufuli.

Nikisema mtumishi, namaanisha padri, mchungaji, mwinjilisti na katekista. Na nikisema ustawi wake, sizungumzii gari wala nyumba nzuri. Nazungumzia kama analala usiku, kama chakula kinampita kooni, kama bado anaomba akiwa peke yake au anaomba mbele za watu tu, na kama yupo hata mtu mmoja ambaye yeye mtumishi anaweza kumwambia kwamba amechoka.

Sasa lile la likizo. Sisi wa Rungwe tunafuga ng'ombe wa maziwa, na anayekamua atanielewa haraka. Gari la kukusanya maziwa lisipokuja, ng'ombe hajui. Saa kumi na moja alfajiri kiwele kimejaa kama jana. Usipomkamua atavimba, ataumwa. Majani lazima umkatie, maji lazima umpe, banda lazima ulisafishe. Kazi yote iko palepale. Kilichokosekana ni zile dakika chache za kituoni: kumimina maziwa kwenye keni, kupimiwa, kuandikiwa kwenye daftari, kusalimiana na wenzako waliokuja na ndoo zao, na mwisho wa mwezi kulipwa. Unarudi nyumbani na ndoo iliyojaa, huna pa kuipeleka.

Ibada ya Jumapili ni kile kituo. Juma zima mtumishi anakamua: mgonjwa wa kisukari aliyekatwa mguu, mke na mume waliotengana vyumba, kijana aliyerudi kutoka Tunduma hasemi na mtu, ndugu wanaogombea shamba la chai kabla kaburi la baba yao halijakauka. Jumapili anayamimina yote katika maombi ya kusanyiko, bila kutaja majina, na watu 300 wanaitikia amina pamoja naye. Hapo mzigo unapungua uzito. Ukizuia ibada, wagonjwa hawapungui, ndoa hazitulii, wala wanaogombea shamba hawapatani. Wanahamia kwenye mlango wa nyumba yake.

Kwa hiyo zuio haliondoi kazi ya mtumishi. Linaondoa kinachomlisha. Mengine yote hapa chini yanatoka katika jambo hilo moja.

Mikono

Aliyesali kwa Wamoravian au Walutheri wa huku anajua kwamba ibada haiishii ndani. Watu hutoka wakiimba. Wa kwanza humpa mchungaji mkono mlangoni, kisha husimama kando yake; wa pili huwapa mikono wote wawili, naye hujipanga; wa tatu vivyo hivyo, mpaka uwanja unakuwa duara kubwa la watu ambao kila mmoja amemshika kila mmoja. Kisha sala, kisha matangazo, kisha mnada.

Mchungaji mmoja wa upande wa Rungwe, mtu mzima sasa, alinieleza kilichomuuma mwaka 2020, na hakutaja mahubiri wala sadaka. Alitaja duara lile. Kwa miaka zaidi ya ishirini, alisema, mikono ya mlangoni ndiyo ilikuwa daftari lake. Mkono wa moto, huyo ana homa na hajasema. Mkono wa bibi ulioanza kutetemeka mwezi uliopita. Mkono wa kijana uliokuwa na sugu za jembe sasa umelainika, maana yake shamba limeuzwa au limeachwa. Na mkono wa mama mmoja uliomshika muda mrefu kuliko kawaida, akajua kwamba Jumanne aende nyumbani kwake. Mikono ilipokatazwa, akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba bila kujua aanzie wapi. Alitembea mara mbili ya alivyozoea, na bado akawa anasikia habari za wagonjwa wakati wa kuwazika.

Aliposema hayo alikuwa ameweka viganja vyake juu ya meza, anavitazama. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba yeye pia alikuwa anashikwa. Hakuna siku nyingine katika juma ambayo mtu anamgusa mchungaji bila kumwomba kitu.

Nalirudia hilo kila ninapomsikia mtu akisema ibada ya simu inatosha. Nashukuru kwa simu. Wakati wa zuio, mahubiri kwenye WhatsApp na ibada za redio ziliwafikia wazee na wagonjwa ambao hata kanisa likiwa wazi hawafiki. Lakini tuangalie upande wa anayehubiri. Amesimama sebuleni mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye vitabu, mkewe amewanyamazisha watoto, mtandao unakatika kila wingu likishuka, na hajui kama anayemsikiliza amelia au amelala. Akimaliza anaona alama mbili za buluu. Msikilizaji amepata neno; mnenaji hakurudishiwa kitu.

Kila kanisa na kidonda chake

Hapa watu wengi hudhani watumishi wote huumia kwa namna moja. Sivyo, na tofauti inatokana na kile kila kanisa linachofundisha kuhusu ibada yenyewe.

Padri wa Kikatoliki anaweza kuadhimisha misa hata kama waamini hawawezi kuwepo. Sheria za Kanisa, kanuni ya 904, zinamhimiza kuadhimisha kila siku, kwa kuwa misa hubaki tendo la Kristo na la Kanisa hata benchi zikiwa tupu. Altare yake haifungwi. Kinachofungwa ni kila kitu kinachoizunguka: jumuiya ndogondogo, watoto wa kipaimara, watu wa kigango cha mbali ambao huja na mkungu wa ndizi na maneno mengi. Anarudi nyumba ya mapadri, anakula, anaosha sahani, kimya. Nyumba nyingine ina padri mmoja tu. Huyo upweke wake hauonekani, maana ratiba yake ya sala haijavunjika.

Mchungaji wa Kilutheri amefundishwa tangu Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 kwamba kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili hufundishwa kwa usafi na sakramenti hutolewa ipasavyo. Angalia neno linaloanza: kusanyiko. Yeye hawezi kujiandalia Meza ya Bwana peke yake na kuiita ibada, na Mmoravian naye ni hivyohivyo. Kusanyiko likikatazwa, anaanza kujiuliza yeye ni nani hasa siku ile. Nimewahi kuona mchungaji amevaa kola asubuhi ya Jumapili ambayo hakuwa na pa kwenda.

Mchungaji wa kilokole aliyeanzisha kanisa lake kwenye fremu ya kupanga pale Mwanjelwa au Ipogolo ana hali nyingine kabisa. Mwenye nyumba anadai kodi, zuio liwepo lisiwepo. Hana dayosisi ya kumhamisha wala mfuko wa kumshika mkono. Jina lake na jina la kanisa ni kitu kimoja, kwa hiyo kanisa likiyumba anahesabu kwamba yeye ndiye aliyeshindwa, na wapo watakaomwambia hivyo kwa sauti.

Wala haya si mambo ya makanisa yenye uhaba tu. Machi 2020 maaskofu wakuu wa Kanisa la Uingereza, Justin Welby na John Sentamu, huyu wa pili mzaliwa wa Uganda, waliwaelekeza makasisi wao wasiingie makanisani hata kwenda kusali peke yao. Pasaka ya 12 Aprili Welby aliongoza ibada kutoka jikoni kwake. Wapo makasisi wa kule walioumizwa na agizo lile, na lilizua mabishano ndani ya kanisa lao.

Habari ya sadaka

Lazima tuliseme, kwa sababu ndilo neno linalotupwa kwanza kijiweni: wachungaji wanalilia sadaka.

Nirudi kwenye lile duara la nje. Baada ya matangazo, mzee wa kanisa anainua yai. Yai moja. Linanunuliwa, aliyenunua analirudisha liuzwe tena, linanunuliwa na mwingine, naye anamtolea bibi asiye na mtu. Baada ya yai ni kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kiroba cha viazi mviringo, siku hizi na parachichi. Mtu asiye na shilingi huleta alichovuna, na mnada unakigeuza kuwa fedha. Huwezi kuufanya kwa simu. Ibada ikizuiwa, mnada unakufa siku hiyohiyo, na kwenye sharika za vijijini huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya mapato.

Fedha ile inakwenda wapi? Taratibu zinatofautiana, ila kwa kawaida fungu moja hupanda juu, dayosisini au jimboni, na lingine hubaki kulipa mlinzi, umeme, mafuta ya pikipiki, bati lililong'oka, na posho. Mchungaji mwenye mshahara anaweza kucheleweshewa. Mwinjilisti wa mtaa, anayeishi kwa posho, hupigwa kwanza na hupigwa zaidi.

Sihitaji korona kulijua hilo. Baba alihudumu mtaa ambao mvua za Aprili zikikata njia, watu wa ng'ambo ya mto hawavuki. Jumapili mbili mfululizo wasipovuka, nyumbani tulijua kwa chumvi. Mama alikuwa anaipima kwa ncha za vidole. Na Jumapili hizohizo ndizo baba aliitwa zaidi, kwa sababu mvua huleta homa na nyumba huanguka. Alivua viatu, akakunja suruali, akavuka yeye kwenda kwao.

Kwa hiyo ndiyo, wanalilia sadaka. Mwalimu ambaye mshahara haujaingia analia pia, na hatumwambii kwamba hana wito.

Maziko

Hapa nitakaa kidogo, maana naamini ndipo penye uzito mkubwa.

Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka wa kuwatahadharisha waamini kuhusu wimbi jipya la korona. Rais wa Baraza wakati huo alikuwa Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, wa Mbeya hapahapa. Mwanzoni mwa Machi mwaka huohuo Katibu Mkuu wa Baraza, Padri Charles Kitima, alieleza hadharani kwamba katika miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki baada ya kupata shida ya kupumua.

Tusizipite namba hizo haraka. Kila padri aliyezikwa alizikwa na mapadri wenzake, waliosoma naye seminari, waliokula naye meza moja. Jioni walirudi parokiani, na asubuhi kulikuwa na msiba mwingine wa mwamini unaowasubiri.

Na walizika bila kuutaja ugonjwa kwa jina. Takwimu za ugonjwa zilikuwa zimeacha kutolewa tangu katikati ya mwaka 2020, na lugha ya msibani ikawa ni "changamoto ya upumuaji". Ndivyo ilivyosomwa kwenye wasifu wa marehemu, na mchungaji akisimama kaburini alitakiwa kufariji watu kwa jambo ambalo kila mmoja alilijua na hakuna aliyelitamka. Mahali ambapo msiba ni wa kijiji kizima, watu hulala kwa wafiwa, wanaume huota moto nje na akina mama hupika usiku kucha, mtumishi ndiye aliyebaki katikati: awaambie watu wasikusanyike, aonekane hana utu, awaache wakusanyike, awazike juma lijalo.

Hali hiyo wataalamu wana jina lake, na kwa Kiswahili tunaweza kuiita jeraha la dhamiri. Neno hilo lilianza kutumiwa miaka ya 1990 na waliokuwa wakiwatibu askari wa Marekani waliotoka vita vya Vietnam. Halimaanishi woga, wala huzuni ya kawaida. Ni maumivu ya mtu aliyelazimika kufanya, au kuacha kufanya, jambo linalopingana na kile anachokiamini kuwa haki. Mchungaji wa Kenya aliyezuiwa kumpelekea anayekufa Chakula cha Bwana alipata jeraha hilo kwa sababu ya kufungwa. Mchungaji wa Njombe au Mafinga aliyeruhusiwa kufungua mlango, akawaona wazee wake wanaingia mmoja mmoja, wengine wakikohoa, alilipata kwa sababu ya kutofungwa. Kwake hakukuwa na amri ya Serikali ya kuegemea. Uamuzi ulikuwa wake, na kila kaburi lilimrudisha kwenye uamuzi ule. Ndiyo maana siamini kwamba nchi isiyofunga makanisa iliwaacha watumishi wake salama.

Jeraha la dhamiri tusilichanganye na mambo mawili yanayofanana nalo. Uchovu wa kazi uliopitiliza, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya mwaka 2019 kama tatizo la kikazi, hutambuliwa kwa mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kuiondokea kazi au kuibeza, na kuona kwamba unachofanya hakizai kitu. Huu hupungua mtu akipumzishwa na mzigo ukigawanywa. Sonona ni ugonjwa. Huchukua usingizi, hamu ya kula, hata hamu ya kuishi, na hutibiwa hospitali. Jeraha la dhamiri halitoki kwa kulala wala kwa kidonge peke yake. Linahitaji mtu wa kuungama kwake, kulia naye, na kumsikia akikuambia kwamba ulitenda kadiri ya ulichokijua siku ile. Mtumishi mmoja anaweza kuwa na yote matatu kwa pamoja, na akiambiwa aende likizo tu, mawili yanamsubiri nyumbani.

Mtu wa Mungu havunjiki moyo?

Hii ndiyo dhana inayowaumiza kuliko zote, na inahubiriwa na sisi waumini. Mchungaji akikonda, tunauliza kama anasali. Akinyamaza, tunasema ameshambuliwa, au ana dhambi ya siri.

Msomaji afungue 1 Wafalme 19. Eliya, siku chache baada ya ushindi wa Karmeli, amekaa chini ya mretemu anaomba afe. Malaika anakuja, na hamkemei hata kidogo. Anamgusa, anamwambia ainuke ale. Kuna mkate na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kilekile, na sababu anayotoa ni kwamba safari ni kubwa mno kwake. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba huko Asia walilemewa mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Watumishi wetu wanayajua maandiko haya na wanatuhubiria, lakini akijaribu kuyaishi mbele yetu tunashtuka.

Kuna sababu nyingine ya ukimya wao ambayo wengi hawaijui. Mchungaji wa mchungaji ni mkuu wa jimbo au askofu. Huyohuyo ndiye anayempangia uhamisho, anayepokea malalamiko dhidi yake, anayeamua kama atakwenda kusoma. Nyumba anayolala ni ya usharika. Kumwambia mwajiri wako kwamba usiku huoni usingizi si jambo jepesi kwa mtu yeyote, sembuse kwa anayejua kwamba barua moja inaweza kumhamisha kutoka mjini mpaka mpakani, watoto wakiwa katikati ya mwaka wa shule. Hata akipata ujasiri wa kwenda kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa, atakutana na waumini wake kwenye benchi la kusubiri.

Mke wake analijua. Mama mchungaji ndiye anayesikia nyayo sebuleni saa nane usiku. Yeye naye hana wa kumwambia, kwa sababu kila mwanamke aliye karibu naye ni mwana wa usharika.

Breki

Watu hudhani milango ikifunguliwa mambo yamekwisha. Madereva wa malori wa barabara kuu inayopita Mbeya kwenda Tunduma wangetufundisha hapa. Lori likipanda linanguruma, kila mtu anaona linavyoteseka. Ajali za kutisha hutokea likishuka, mteremko wa Iwambi au kule Inyala, kwa sababu breki zimekanyagwa muda mrefu mpaka zimeshika moto. Mtumishi naye hubeba wakati wa zuio kwa sababu hana budi. Anaanza kuporomoka miezi kadhaa baadaye, wakati kwaya imerudi, watu wanashukuru, na kamati ya ujenzi inataka kufidia mapato yaliyopotea kwa mavuno mawili ndani ya mwaka. Anaanza kukasirika kwenye vikao. Anasahau majina. Anahubiri mahubiri ya zamani. Wapo wanaoanza kunywa. Wazee wa kanisa wanaandika barua dayosisini kulalamika, na wengi wao hawahusishi kabisa haya na makaburi ya mwaka uliopita.

Kufanya nini, basi? Historia ya huku ina kitu cha kutusaidia. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika huku mwaka 1916, Wajerumani wale walikamatwa na kuondolewa, na makanisa ya Rungwe na ya jirani yakabaki miaka kadhaa bila wachungaji wao. Walimu wa shule za kanisa na wazee ndio walioendelea kuwakusanya watu, kufundisha, kusali na kuzika. Kusanyiko lilijua kujibeba. Tumelisahau hilo, tumemfanya mtu mmoja kuwa mkono, mdomo na mgongo wa kanisa zima, kisha tunashangaa akivunjika.

Kwa hiyo kugawana wagonjwa na misiba kusisubiri zuio lije. Mzee wa kanisa anaweza kuongoza sala ya msiba. Jumuiya inaweza kuwa na orodha yake ya wazee wa kutembelewa. Posho ya mwinjilisti iandikwe kwanza kwenye bajeti, kabla ya rangi ya ukuta, na mahindi yasipofika mnadani yapelekwe nyumbani kwake bila kutangazwa. Dayosisi na majimbo yanaweza kumtafutia mtumishi mtu wa kumsikiliza asiye na mamlaka ya kumhamisha, hata akitoka kanisa lingine. Nimeona padri na mchungaji wa Kimoravian wakifanyiana hivyo kwa chai tu, kila Jumatatu. Akikosa usingizi kwa majuma, akiacha kula, au akianza kusema kwamba afadhali asingekuwepo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo kama ambavyo angepelekwa akitapika damu.

Na aulizwe. Asiulizwe "Mchungaji, huduma inaendeleaje?", maana hilo ana jibu lake la tayari. Aulizwe amelala saa ngapi.

Yule mchungaji wa viganja aliulizwa hivyo na mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa chai, mwaka 2021 mwishoni. Alishindwa kujibu. Kikao cha wazee kilichofuata kiliacha ajenda ya paa, kikampa majuma matatu, na mwinjilisti na wazee wakapangiana zamu za Jumapili. Alikwenda Matamba kwa dada yake. Hakuhubiri popote. Alilima na kung'oa viazi kwenye baridi la Makete, akawa analala saa mbili usiku kama mtoto. Alirudi na magunia mawili ya viazi juu ya basi, akayateremsha mwenyewe, moja akalipeleka kwa yule mzee wa chai, jingine kwa mwinjilisti aliyemshikia zamu.